Kibao cha Corinne

Jumatatu, 13 Mei
Na ijulikane kwa vizazi vijavyo: leo saa tatu asubuhi kibao changu kimepigwa marufuku. Kilidumu saa kumi na nne. Kiliandikwa HONGERA CORINNE, MUUGUZI WETU. Binti yangu ana miaka thelathini na nne, kemia ilimwangusha mara mbili, na Jumamosi anahitimu. Nimejiapiza: akirudi kutoka mahafali atakuta jina lake hadharani, mtaa mzima ulione.

Barua imeletwa na Bi Phyllis Oberholt, mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba kinachotunga kanuni za mtaa wetu, pamoja na mkate wa limau. Haji na mashtaka mikono mitupu. Akasema, Lyle mwanangu, vibao haviruhusiwi, kula mkate ungali moto. Nimekula nusu. Kwa hasira.

Jumanne, 14 Mei
Nimesoma kanuni za chama, kurasa sitini na mbili, miguu ikiwa kwenye bwawa la kuogelea. Rangi ya mlango. Aina ya kokoto. Mwishowe nikaipata: sheria ya Arizona haikiruhusu chama kumzuia mtu kuweka kibao cha kuuza nyumba yake. Nikarudi nyumbani nikitembea kama wakili. Mke wangu Nadine akauliza nina nini. Sina kitu, nikasema.

Jumatano, 15 Mei
Nimesimamisha kibao cha INAUZWA. Chini yake, kwa minyororo miwili, kinaning'inia cha Corinne, pale pale madalali wanapotundika "paa jipya" au "jiko la kisasa". Bi Phyllis akaja na futi. Akapima. Akasoma mara mbili. Akakunja futi, akaondoka. Ushindi wangu wa kwanza tangu nihamie hapa.

Alhamisi, 16 Mei
Wamekuja wanunuzi, mume na mke kutoka Tucson. Kibao cha chini hutaja kinachokuja na nyumba, kwa hiyo mume akauliza kama muuguzi Corinne yumo kwenye bei, maana mama yake ana kisukari. Nadine, taulo kichwani, hakujua lolote. Wao akawasindikiza kwa adabu. Mimi bila adabu, hadi gereji.

Baadaye mzee Ruiz wa ng'ambo ya barabara akaleta tamale za kutuaga, vile vifurushi vya unga wa mahindi na nyama, machozi yanamlengalenga. Akauliza amekosa nini hata tuhame bila kumwambia. Nikamwashiria angoje. Mdomo ulikuwa umejaa tamale.

Ijumaa, 17 Mei
Corinne amepiga simu. Sauti ndogo. Binti wa Ruiz alimtumia picha ya INAUZWA. Sehemu ya chini haikuonekana. Akasema, baba, niambie ukweli, wewe na mama mnaachana? Mlikuwa mnangoja nihitimu? Amelia tangu asubuhi. Hata joho hana hamu ya kulivaa.

Nikamweleza yote. Akacheka, akalia tena, akasema baba, siku moja utaniua. Kibao nimeking'oa kwa mikono mitupu.

Jumamosi, 18 Mei
Tumerudi kutoka mahafali, Corinne ndani ya joho. Pale langoni mwa mtaa, kwenye ubao wa chama unaotangaza siku za takataka: HONGERA CORINNE HATCHER, MUUGUZI WETU. Bi Phyllis kasimama chini yake, kavaa lipstiki. Corinne akafungua mlango gari halijasimama sawasawa, akamkumbatia bibi wa watu hadi kofia ya mahafali ikaanguka.

Jumapili, 19 Mei
Jana kwenye sherehe niliwaambia wageni kwamba nilikuwa kwenye mazungumzo makali na chama kwa siku tano. Ukweli ni huu. Nadine alimpigia Bi Phyllis simu Jumanne, mimi nikiwa bwawani. Akamwomba. Dakika mbili, na moja ilikuwa ya kuulizana hali za magoti. Bi Phyllis akasema ubao ni wetu sote, kwani Lyle hana mdomo?

Kesho jina linashushwa kupisha takataka. Siku mbili tu, kwa miaka sita ya masomo. Nimerudi kwenye kanuni. Ukurasa wa hamsini na nane: mgombea uenyekiti hazuiwi kuweka kibao cha kampeni. Uchaguzi ni mwezi ujao. Fomu nimeshajaza. MCHAGUE LYLE, BABA WA MUUGUZI. Nadine sijamwambia. Kura sihitaji hata moja.