Shimo Langu Si Dimbwi

Jumamosi, 5 Novemba 1988

Salongo asubuhi, kazi ya lazima ya wote. Kartie nzima, mtaa wote, barabarani na majembe na mapanga. Shefu wa kartie akatangaza kwamba mvua imeanza na malaria imekuja nayo, dispansari imejaa hadi wagonjwa wanalala chini. Kisha akampa neno Mama Dorothée, muuguzi. Mbu hutaga kwenye maji yaliyosimama, akasema. Tufyeke majani, tumwage maji ya makopo na matairi, tufukie madimbwi. Mimi nilisimama mbele kabisa na kuitikia kwa kichwa kila sentensi, ili Shefu anione. Anatafuta mkubwa wa usafi. Mkubwa wa usafi hashiki jembe, anashika filimbi. Nani anafaa kama mimi, niliyekuwa karani bandarini?

Watapita nyumba kwa nyumba Jumamosi ijayo. Ndipo mkubwa wa usafi atachaguliwa.

Yote yalikuwa yakienda sawa mpaka jirani yangu Anatole akafungua kinywa. Mvuvi. Alitoka Baraka na mtumbwi mmoja, leo anajiona mwenye mji. Akaniuliza mbele ya watu wote: "Papa Hippolyte, na ile maji yako ya nyuma? Ile njo ziwa ya pili ya Kalemie?"

Wakacheka. Hata Shefu. Mama Dorothée akauliza ni maji gani hayo. Nikasema Papa Anatole anapenda mzaha.

Sijala mchana. Hasira imejaa tumboni, ugali hauna pa kukaa.

Jumapili, 6 Novemba

Baada ya misa Rosalie akaanza tena. Mume wangu, fukia lile shimo. Nimemweleza mara ngapi? Lile si dimbwi. Ni mahali pa kazi. Nilitoa udongo hapo, nikafyatua matofali ya nganda yangu, na nganda hiyo itauza bia na bata wa kuchoma. Kwamba mvua imelijaza si kosa langu. Bata wanaogelea humo, wananenepa. Huwezi kufukia mradi.

Rosalie akajibu kwamba matofali yenyewe hayajachomwa na mvua imeshayalainisha, na kwamba usiku hapati usingizi kwa mbu. Nikamwambia mbu wanatoka kwa Anatole. Akaniuliza kwa Anatole kuna maji gani.

Swali zuri. Kwa Anatole hakuna maji. Lakini kuna mtumbwi wa zamani uani.

Jumanne, 8 Novemba

Leo nimefanya kazi ya mtu mwenye akili. Anatole alikuwa ziwani. Mkewe, Mama Françoise, alikuwa ameenda ufukweni kuanika ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Nikaingia uani kwao, nikaupindua ule mtumbwi ukatazama juu, nikaanza kuujaza maji. Ndoo baada ya ndoo kutoka kwenye shimo langu, pamoja na viluwiluwi wa mbu, wazima, wanacheza. Jumamosi Mama Dorothée aone mwenyewe ziwa la pili liko kwa nani. Mgongo wangu umekatika.

Nilikuwa namwaga ndoo ya mwisho Mama Françoise akatokea langoni. Nikabaki na ndoo mkononi. Mwanamke yule akaweka beseni chini, akapiga makofi. Akasema hakujua kwamba Papa Hippolyte ana roho nzuri hivyo, kuwaoshea mtumbwi bila kuombwa. Akanijazia sahani ya ndagala.

Nimezila. Zilikuwa tamu. Hilo limenikasirisha zaidi.

Jumatano, 9 Novemba

Anatole alikuja kunishukuru. Kumbe ule mtumbwi aliuacha kwa sababu ulikuwa ukivuja na hakujua wapi. Nilipoujaza, maji yakajionyesha yanapotokea. Ameumwaga, ameuziba kwa pamba na lami, kesho anauingiza ziwani. Sasa ana mitumbwi miwili.

Barabara nzima inasema mimi ni jirani mwema. Nimefunga mlango.

Alhamisi, 10 Novemba

Nilikumbuka Mama Dorothée alisema kwamba oili chafu ikitandazwa juu ya maji, viluwiluwi hawapati hewa, wanakufa. Basi. Shimo libaki, viluwiluwi waende. Nikaenda kwa Pascal, fundi wa magari, akanipa bidoni ya oili nyeusi. Nikaimwaga yote. Ikatandaa vizuri, ikang'aa. Nilijisikia daktari.

Bata sikuwafikiria.

Waliingia kama kila siku. Walitoka weusi, mabawa yamegandana, wanatembea kama walevi. Dume lao lilikufa mbele yangu. Nikawavuta wengine kwa fimbo, nikawaosha kwa sabuni ya Rosalie, na wawili wakanifia mikononi. Halafu nikachukua kopo nikakomba ile oili juu ya maji, ili waliobaki wapate pa kunywa. Kwa hiyo sasa sina bata wa kutosha, sina oili, sina sabuni, na viluwiluwi wapo.

Rosalie amelala tangu mchana, anasema viungo vinauma. Nadhani ni huzuni ya bata.

Ijumaa, 11 Novemba

Si huzuni ya bata.

Alfajiri alikuwa moto kama jiko, kisha akaomba mablanketi yote. Nilitaka kumpeleka dispansari. Kweli nilitaka. Lakini nikawaza: kesho ni ukaguzi. Mama Dorothée akimwona mke wangu na malaria leo, kesho nitashika filimbi gani? Nikasema tungoje siku moja. Nikafunga madirisha. Waliouliza niliwaambia Rosalie ameenda Kabalo kwa dada yake, kwa treni.

Saa tisa akaanza kuniita kwa jina la kaka yake aliyekufa. Alinitazama wala hakunijua. Nikamwekea kitambaa cha maji. Nikamwekea kingine. Nikamwambia Rosalie, ni mimi. Akaniambia nimfungulie mama mlango, amesimama kwenye mvua. Mama yake tulimzika zamani.

Mama Françoise alisikia sauti, na alijua vizuri kwamba treni ya Kabalo haikuondoka wiki hii. Akamwita mumewe. Anatole aliingia bila kubisha hodi. Nikaanza kueleza habari ya ukaguzi. Akasema, "Papa, leo hapana maneno. Muntu anakufa."

Akambeba mgongoni kama mtoto. Mimi nilifuata nyuma na blanketi na viatu vyake. Njia nzima nilikuwa nikitazama miguu ya mke wangu inavyoning'inia, na sikuwa na hasira na mtu yeyote. Naandika hivi kwa sababu ni kweli.

Dispansari wakamtundikia serumu ya kinini. Mama Dorothée akaniuliza ameanza lini kuugua. Nilipomjibu akasema ningengoja mpaka kesho ningerudi nyumbani peke yangu.

Anatole alikaa nami kwenye benchi mpaka Rosalie akaomba maji, kwa jina langu. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Mtu wa namna hiyo ni mgumu kumvumilia.

Jumamosi, 12 Novemba

Rosalie amekunywa uji. Nikaja nyumbani kuchukua nguo. Nikakuta kartie yote uani kwangu. Salongo, kwangu. Shefu mwenyewe na jembe. Mama Dorothée alikuwa amechota maji ya shimo kwenye sahani nyeupe na kuwaonyesha watu viluwiluwi, mmoja mmoja akipita na kuinama kama kwenye maonyesho. Kisha wakafukia. Udongo haukutosha, wakatumia matofali yangu. Nganda yangu yote imo ndani.

Nikapiga kelele. Nikawaambia wanafukia mradi. Mama Françoise akanishika mkono na kuniambia pole, Mama Rosalie atapona. Walidhani nalia kwa ajili ya mke. Wakaimba ili kunipa moyo, wakashindilia kwa miguu.

Halafu Shefu akampa Anatole filimbi. Watu wakashangilia. Anatole akasema hafai, kazi yake ni samaki, lakini akaivaa shingoni.

Jumatatu, 14 Novemba

Rosalie amerudi. Amekonda, lakini ananigombeza, kwa hiyo amepona. Amekuja na chandarua kutoka kwa masista wa dispansari, na kinini za kwangu, kwa sababu Mama Dorothée anasema tumekuwa tukiliwa na mbu wale wale. Kila jioni tufunge madirisha mapema, tulale ndani ya chandarua wote wawili.

Nilijaribu. Ndani kuna joto kama tanuri. Nikatoka, nikalala barazani penye upepo.

Jumatano, 16 Novemba

Anatole amepita na filimbi yake kukagua. Uani kwangu hakuona kosa. Akanisifu. Akaniuliza kwa heshima kama nalala ndani ya chandarua, maana ameniona barazani. Sasa nalala kwa ruhusa ya mvuvi? Nikamjibu kwamba chandarua ni cha wagonjwa.

Alhamisi, 17 Novemba

Tangu mchana meno yananigongana. Kichwa kinapasuka, magoti hayana nguvu, nimevaa koti la mvua juu ya sweta na bado nasikia baridi. Rosalie ameniwekea mkono kwenye paji la uso, akasema ni malaria, nimeze kinini sasa hivi, la sivyo anamwita Anatole. Nimemwambia ni hasira. Mtu yeyote angetetemeka kwa niliyotendewa.

Isitoshe kinini nilishampa Pascal, naye akaniazima koleo. Kesho nachimba udongo wa matofali mapya nyuma ya jiko, upande ambao Anatole akipita hawezi kuona.