Dada Shufaa Ashushwe Mlimani

Yeoville, Johannesburg
14 Oktoba

Kwa Ndugu Mwenyekiti Ameir,
Chama cha Kuzikana cha Waswahili wa Yeoville na Observatory

Ndugu Mwenyekiti,

Nakusalimu kwanza, maana hata mwenye hasira alilelewa. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, lile nililoliumiza Kilimanjaro, habari unayoijua.

Nakuandikia kwa masikitiko kuhusu dada yangu wa tumbo moja, Shufaa, mwenye miaka sitini na sita, aliyestaafu mwaka huu upishi katika kantini ya ofisi moja huko Midrand. Mstaafu wa kawaida hununua kiti cha plastiki, akakaa barazani, akaugua polepole huku ndugu wakimtembelea. Dada yangu amenunua suruali ya theluji. Jumamosi hii anapanda tena milima ya Lesotho, ajifunge mbao mbili ndefu miguuni na kuteleza juu ya theluji ya mwisho, kisha eti aangalie wanyama. Hapa mjini mijakaranda imechanua, watu tunatembea na kandambili, yeye anaitafuta baridi kule ilikojificha! Naomba kamati imzuie kabla ya Jumamosi. Sababu zangu nimezipa namba ili Katibu asizichanganye.

1. Theluji katika ukoo wetu ni yangu. Kila mwanachama anajua jinsi nilivyombebea Mjerumani friji mgongoni hadi kilele cha Kilimanjaro, nikashuka nimekalia mlango wake, kwa kasi ambayo kivuli changu kilinikuta chini kesho yake. Miaka ishirini na miwili nimeisimulia habari hii kila Jumapili sebuleni kwa dada, Observatory, na hakuna aliyedhurika. Ndipo wenzake wa kazini wakamuaga kwa zawadi. Badala ya saa ya ukutani, wakampa siku mbili mlimani na mwalimu wa kuteleza. Akaenda mwezi wa sita, akarudi. Jumapili hiyo nilipofika penye mlango wa friji, akanikatiza mbele ya wageni: "Bakiri mdogo wangu, mlango wa friji haukupinda juu kwa mbele kama mbao za kutelezea. Ungechimba theluji ukapinduka." Wageni wote wakamgeukia yeye. Na wewe uligeuka, Mwenyekiti. Nilikuona.

2. Nilikuwa nimewafundisha watu kwamba nyani wa mlimani ukimkoholea mara mbili hukupisha njia. Dada akatangaza kwamba alikohoa mara mbili, na nyani akaja, akamnyang'anya mkate wenye mayai, akaula hapohapo huku anamtazama usoni. Sasa nikipita dukani kwa Gaston, hata kama nina mafua ya kweli, watu wanaficha mikate.

3. Huko juu yupo tai mwenye ndevu. Sikumzua mimi, dada mwenyewe ana picha yake. Ndege huyu haanzi na nyama. Huchukua mfupa, akapaa nao, akaudondosha juu ya mwamba mpaka upasuke, akala kilicho ndani. Dada anasimulia hivi akitabasamu. Naiuliza kamati: mstaafu wa miaka sitini na sita, aliyelala kwenye mteremko baada ya kuanguka, ni nini machoni pa ndege wa namna hiyo, kama si mifupa iliyopangwa vizuri?

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Desturi yetu ni kwamba katika kundi la simu la Chama hatutumi picha za harusi wala za chakula. Ikitokea picha ya mzee peke yake, bila neno, tunajua ametutoka, na maneno hufuata msibani. Jumamosi ya tarehe ishirini na saba mwezi uliopita, saa nne asubuhi, ikaingia picha ya dada Shufaa. Amelala chali, nguo nyeupe, kila upande kweupe, macho ameyafumba. Neno hakuna.

Baadaye alieleza kwamba alikuwa anachora mbawa za tai kwa mikono yake kwenye theluji, na macho aliyafumba kwa ajili ya jua. Maneno aliyaandika, ila mtandao wa mlimani ulipitisha picha ukayaacha maneno. Sisi tungejuaje? Katibu wetu, Mama Victorine, akaweka picha ya mshumaa kundini. Tukampigia dada simu, hapatikani, jambo ambalo kwa marehemu ni la kawaida. Mimi nilikuwa ndani ya pikapu yangu, kwenye taa za robot. Taa ikawa kijani, ikarudi nyekundu, ikawa kijani tena, wa nyuma wanapiga honi, na mimi nimesahau gari linaondolewaje.

Kufikia saa saba mchana watu arobaini walikuwa kwangu. Wakongomani wakaimba, sisi wa Tanga tukasoma Yasini, sufuria la pilau likapanda. Nikaombwa nimzungumzie marehemu. Nilisema vizuri, na sijisifu, maana hata wewe ulipangusa macho. Nilisema kwamba nilipofika mji huu na begi moja, dada alinipa godoro lake, yeye akalala kwenye mkeka miezi minne, na mpaka leo hajawahi kunikumbusha. Hayo ndiyo maneno pekee niliyowahi kuyasema mbele ya watu bila kuyaongeza, na nayaonea haya. Kama ulimwona mtu anatoa machozi, vile vilikuwa vitunguu vya pilau.

Jumapili saa nane mchana, tukiwa tunakula, akaingia na begi lake, pua imebabuka kwa jua. "Eish, poleni jamani. Nani amefariki?" Mama Victorine, daftari mkononi, akamjibu kwa heshima zote: "Ni wewe, dada. Karibu ukae." Akakaa. Akala sahani mbili, akasema mchele ungeivishwa zaidi kidogo.

5. Hapa naingia katika sheria. Katiba yetu inasema kila mwanachama anastahili matanga mara moja. Dada ameshayatumia yake, na ameyala. Akivunjika shingo Jumamosi, tutabaki na marehemu asiye na haki ya matanga. Pia mimi sina hotuba nyingine. Ile ilikuwa yote.

6. Tangu Agosti, Jumapili nne nimekwenda kwake nikakuta kufuli. Jirani anasema yuko Drakensberg na wastaafu wenzake, wanawahesabu pofu, wale swala wakubwa, na kuwatazama pimbi wakiota jua. Jumapili ya mwisho nilikaa kwenye ngazi yake nikamsimulia paka wa jirani habari ya friji. Paka aliondoka kabla sijafika kileleni. Ndugu Mwenyekiti, pimbi wana mlima mzima wa kuwatazama. Mimi nina sebule moja tu, na imefungwa.

Kwa hiyo naomba kamati impige marufuku kupanda chochote kirefu kuliko ngazi za nyumba yake. Ikishindikana, ateuliwe Mlezi wa Chama, mwenye wajibu wa kuonekana amekaa kila Jumamosi na Jumapili, na kiti kitafutwe kizito. Ikishindikana na hilo, kamati itangaze rasmi kwamba theluji ya Lesotho si theluji kamili, kwa kuwa haijabebewa friji.

Naomba uamuzi kabla ya Ijumaa adhuhuri. Nisalimie mkeo, Mama Victorine na daftari lake, Gaston na mikate yake, na wale majirani zako wa juu wenye kuhamisha makabati usiku. Atakayeuliza kama nimekasirika, mwambie sana.

Ni mimi, kwa moyo mzito,

Bakiri Semboja (Mjomba)
Mwanachama namba 17
Mzoefu wa Theluji

Nyongeza: Mwenyekiti, barua hii usiisome kikaoni. Kabla sijaifunga bahasha, dada amepita hapa. Nilijiandaa kwa ugomvi, yeye hakugombana. Kumbe Mama Victorine aliirekodi ile hotuba ya msibani akamtumia. Akaniuliza kama niliikariri au ilitoka yenyewe. Nikajifanya natafuta gundi ya bahasha. Akasema gari la Jumamosi lina nafasi moja, na kwamba amechoka kuwaona tai wakiwa na ukubwa wao wa kweli. Nimekubali, kwa ajili ya usalama wake tu. Sasa wewe uliyewahi kulinda ghala la samaki wa barafu, nijibu leo hii na kwa siri: soksi huvaliwa jozi ngapi? Na theluji yenyewe, mtu akiikanyaga, inashika au inatitia? Sina mwingine wa kumwuliza. Wote niliwafundisha mimi.