Kompyuta Isiyojua Mwenyekiti ni Nani

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwenyekiti wa chama cha wakulima wa majani chai hapa Kapsirichet, mwaka wa kumi na tatu sasa bila kupingwa, na sijawahi kusumbua gazeti lolote. Leo naandika kwa uchungu. Nimevunjiwa heshima na kompyuta.

Mapema mwaka huu wa 1998, hoteli moja ya Nairobi ilitupatia vyombo vyake vya sauti ilivyokuwa imeacha kutumia: spika, maikrofoni sita, na kompyuta ya kuviongoza vyote. Fundi Oketch alivuta waya ukumbi mzima hadi meza kuu, mbele yangu. Kwenye skrini naona kila maikrofoni na nguvu ya sauti inayopita. Nikibonyeza kitufe, anayeongea ananyamaza. Oketch alinieleza, "Mzee, hii ni ya kuzuia kelele." Nikamwambia nimeelewa. Kelele nazijua.

Siku ya mkutano mkuu, Mama Edinah, mkulima wa kituo cha tatu cha kukusanyia majani, alisimama kwenye maikrofoni ya wakulima. Akauliza, "Mwenyekiti, Jumanne ile majani yetu yalikaa kituoni mpaka yakanyauka, kiwanda kikayakataa. Lori lilikuwa wapi?"

Lori la chama lilikuwa linabeba mbao za nyumba yangu, jambo ambalo lingechukua muda mrefu kueleza. Ili kuokoa wakati wa wananchi, nikabonyeza. Kisha nikatangaza kwamba mitambo imepata hitilafu, na nikaomba tuwe na subira.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kompyuta haikuniunga mkono. Ilikuwa inaonyesha taa za kijani kila mahali, eti vyombo vyote ni vizima. Oketch akaja mbio, akatazama skrini, akasema mbele ya watu mia tatu, "Hakuna kilichoharibika, mzee. Ni wewe umezima." Sijui siku hizi mafundi wanafunzwa nini.

2. Inaandika. Hili sikuambiwa. Kila kitufe kikibonyezwa, inaweka saa na jina la aliyebonyeza, kama karani wa mahakama. Katibu wetu Monicah alitoa karatasi hiyo kwenye printa, akaibandika kwenye ubao wa kila kituo kando ya tangazo la mbolea: "Maikrofoni ya wakulima. Imezimwa saa tano na dakika saba. Imezimwa na Mwenyekiti." Na si Mama Edinah peke yake: mkutano ule mmoja, mara kumi na nne! Nilipomwuliza sababu alijibu kwa adabu, "Mzee, ni wewe ulisema kumbukumbu za mkutano zibandikwe." Na kwa vile lori huchelewa, wakulima wana muda wa kuisoma yote.

3. Mama Edinah mwenyewe hana kitufe. Huyu ni mama aliyezoea kumwita mwenzake ng'ambo ya bonde wakichuma. Aliweka maikrofoni chini, akajishika kiuno, akarudia swali lake bila waya wowote. Nikabonyeza vitufe vyote sita. Kumbe nikazima hata yangu. Kwa hivyo nilipojibu, na nilijibu vizuri sana, hakuna aliyesikia. Yeye alisikika hadi sokoni.

Ndugu Mhariri, nchi haiwezi kuendelea hivi. Naomba serikali, kupitia gazeti lako, ihakikishe kompyuta zinafundishwa vyeo kabla hazijaletwa mashambani. Pili, kila mkulima mwenye sauti kubwa aandikishwe, apewe namba, na avutiwe waya kutoka kooni hadi ofisi ya chama. Watoto wake pia, kwa maana sauti hurithiwa. Mwisho, lile bonde letu linalorudisha maneno ya watu lichunguzwe, ijulikane linamfanyia nani kazi.

Nipelekee salamu kwa wafanyakazi wenzako wote, na kwa wakulima kote Kericho na Bomet, isipokuwa wa kituo cha tatu.

Ni mimi, mtumishi wenu ambaye bado hajachoka,

Mzee Alexander Chepyegon,
Mwenyekiti.

N.B. Barua hii ilikuwa bado mfukoni, sijafika posta, wakulima wakaitisha mkutano maalum, wakamchagua Mama Edinah kuwa mwenyekiti. Sasa yeye ndiye anakaa mbele ya kompyuta. Kwa hivyo tafadhali futa yote niliyoomba hapo juu, na uchapishe jambo moja tu, kwa herufi kubwa: kumzimia mkulima maikrofoni ni dhambi mbele ya Mungu na wanadamu. Nina swali la kuuliza mkutano ujao. Nusu ya mbao zangu ziko kando ya barabara zinanyeshewa, na lori siku hizi linabeba majani tu.