Pikipiki Iliyopelekwa Malezini

Tangazo lilibandikwa ukutani Jumatatu asubuhi, gundi ikiwa bado mbichi. Lilisema kwamba Serikali, kwa kuwajali vijana kuliko wanavyojijali wenyewe, imeanzisha Idara ya Pikipiki za Kwanza. Wataalamu walikuwa wamefanya utafiti wa kina, wakiwa wamekaa, na kugundua kwamba mtu anayenunua pikipiki yake ya kwanza hupatwa na hali iitwayo furaha isiyoratibiwa. Hali hiyo humfanya apige honi bila sababu, asalimie watu asiowajua na kuzunguka njia ndefu wakati ya mkato ipo. Kwa hiyo kila pikipiki ya kwanza ingechukuliwa na Idara kwa siku ishirini na moja, ilelewe, ifundwe adabu, kisha irudishwe kwa mwenyewe ikiwa imetulia.

Hakuna aliyepinga. Wenye pikipiki za pili waliona haliwahusu, na wasio na pikipiki kabisa waliona ni haki tupu.

Sindano hakulisoma. Asubuhi hiyo alikuwa uani kwa mwalimu mmoja mstaafu, akinunua pikipiki.

Sindano lilikuwa jina la kupewa na wateja, kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Alikuwa fundi wa vyerehani, mwenye miaka ishirini na miwili, na ufundi huo aliurithi kwa shangazi yake aliyemlea. Miaka mingi wawili hao walipita nyumba kwa nyumba na sanduku la chuma lenye bisibisi, mikanda na mafuta ya mashine, wakishika mpini kila mtu upande wake. Kisha goti la shangazi likagoma, sanduku likabaki la mtu mmoja. Na sasa chuo cha ushonaji, kilichokuwa upande wa pili wa mji, kilikuwa kimempa Sindano kazi ya vyerehani thelathini.

"Mitihani ni mwezi ujao," mkuu wa chuo alimwambia. "Wanafunzi wangu hawawezi kufanya mtihani kwa mdomo. Ukichelewa, yupo fundi mwingine."

Ndiyo maana alinunua. Mwalimu mstaafu alimkabidhi kadi ikiwa tayari ina jina la mnunuzi, akaipigapiga pikipiki tangi kama mtu anayemuaga binti anayeolewa, akaingia ndani haraka asionekane macho. Sindano akapiga kiki. Pikipiki nyekundu ikakohoa, ikasafisha koo, ikaitika.

Alipofika njia panda alikuwa anacheka peke yake. Hakujua kama anacheka. Alijua tu kwamba barabara aliyoitembea kwa miguu maisha yake yote ilikuwa fupi hivi na hakuna aliyewahi kumwambia.

Afisa mwenye kofia na daftari akainua mkono.

"Dada, unacheka nini?"

"Aa, kaka, basi tu. Nimenunua pikipiki."

"Ya ngapi?"

"Ya kwanza!" alisema Sindano, kifua mbele.

Afisa akaandika: *Amekiri.*

Sindano akafika nyumbani kwa miguu, na karatasi mkononi. Shangazi aliisoma mara mbili, miwani ikiwa puani, kisha ikiwa kichwani.

"Ngoja nielewe," alisema. "Mtu mzima umenunua chombo chako, wamekichukua wakakinyonyeshe?"

"Wanasema ni malezi, shangazi."

"Nimelea watoto wa kaka zangu watatu, na hakuna hata mmoja niliyemchukulia njia panda."

Malezi yalifanyika kwa utaratibu mzuri. Mwenye chombo aliruhusiwa kukitembelea kila Jumatano, kuanzia saa nne hadi saa nne na nusu. Jumatano ya kwanza Sindano alifika mapema, akakuta ofisi yenye meza mbili. Ukutani palikuwa na maandishi makubwa: MTOTO UMLEAVYO NDIVYO AKUAVYO. Chini ya maandishi alikaa karani, mama wa makamo aliyekuwa akichambua karanga juu ya faili.

"Umekuja kumwona nani?"

"Pikipiki yangu. Nyekundu."

"Oo, ile nyekundu." Karani alipuliza maganda. "Haipo. Iko kwenye mafunzo kwa vitendo."

"Wapi?"

"Sokoni. Na mke wa Mkurugenzi."

Jumatano ya pili aliikuta. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, tope hadi kwenye taa, na kiti kimefunikwa na vumbi la saruji. Mkurugenzi mwenyewe alitoka kumpokea, mtu mrefu mwenye tai ya njano, mwenye sauti ya kuzungumza na umati hata akiwa na mtu mmoja.

"Binti, hongera," alisema. "Mtoto wako anaendelea vizuri sana. Wiki hii tumemfundisha kubeba uzito."

"Mheshimiwa, hiyo ni saruji."

"Ndiyo. Uzito."

"Nasikia unajenga."

"Taifa zima linajenga, binti."

Sindano alitoa kitambaa cha kufutia mashine, akafuta kiti. Alifuta polepole, kwa sababu kufuta kulihesabika kama kutembelea, na muda wenyewe ulikuwa nusu saa tu. Kisha akabeba sanduku lake, akatembea hadi chuoni. Siku hiyo alitengeneza vyerehani viwili. Angekuwa na pikipiki angetengeneza vitano, na bega lisingemvimba.

Siku ya ishirini na moja ilipotimia, alipewa barua yenye mihuri miwili. *Chombo kimeonesha maendeleo ya kuridhisha, ila bado kina utundu. Kwa maslahi mapana, malezi yanaongezwa hadi itakapoonekana vinginevyo.*

"Itakapoonekana na nani?" aliuliza.

"Na anayeangalia," karani alijibu. Kisha akashusha sauti. "Mdogo wangu, nyumba ya Mkurugenzi bado haijafika kwenye lenta, pale juu ya madirisha. Fanya subira."

Vyerehani kumi na kimoja vilikuwa vimebaki, na mitihani ilikuwa Jumatatu iliyofuata. Usiku Sindano hakula. Shangazi alimkanda bega kwa maji ya moto.

Jumatano asubuhi, kabla Sindano hajavaa viatu, mlango uligongwa. Nje palisimama watu watatu: mama mfuga bata, kinyozi wa kona ya pili, na askari wa trafiki aliyebeba kijitabu.

"Wewe ndiye mwenye pikipiki nyekundu?" trafiki aliuliza. "Kadi inasema ni wewe."

"Ni mimi, afande."

"Juzi imekanyaga bata wa huyu mama. Jana imeingia kwenye kibanda cha huyu kinyozi, ikavunja kioo."

"Kikubwa," alisema kinyozi. "Sasa wateja wananiamini kwa maneno tu."

Pikipiki aliyoiendesha kutoka uani hadi njia panda sasa ilikuwa na kesi mbili. Alifungua mdomo aombe msamaha, na huenda angeomba, maana alikuwa na tabia hiyo. Shangazi akamtangulia, fimbo mkononi.

"Afande, mtoto akivunja kioo cha jirani, anaulizwa aliyemzaa au aliyekuwa naye?"

Trafiki alifikiri. "Aliyekuwa naye."

"Basi vaa viatu, mwanangu. Leo ni siku ya kutembelea."

Wakaenda wote watano. Mkurugenzi aliwasikiliza akiwa amekunja mikono, na mtu aliyezoea madaraka hajui kushituka, anajua kukanusha.

"Pikipiki nyekundu?" alisema. "Idara hii haijawahi kuwa na pikipiki nyekundu."

"Mheshimiwa," alisema Sindano, "wiki mbili zilizopita niliifuta hapa hapa, na barua yenu nimeiacha nyumbani."

"Binti, maneno hupeperuka. Mimi naamini maandishi." Akavuta karatasi, akaandika kwa mwandiko mzuri kwamba chombo tajwa hakijawahi kupokelewa, kulelewa wala kutumiwa na Idara. Akapiga muhuri, mmoja, wa pili, na wa tatu kwa kupendeza. Akamkabidhi.

Sindano aliisoma. Alizoea kutazama mashine iliyokwama bila kuilazimisha, akitafuta mahali uzi uliposhikwa. Aliisoma tena. Kisha akampa trafiki.

"Afande," alisema taratibu, "kama haikuwa malezini, basi mimi nimeibiwa."

Karani aliacha karanga.

"Na aliyekuwa akiiendesha," trafiki alidakia, huku akifungua ukurasa mpya, "atakuwa ni..."

"Huyu!" Mama mfuga bata alinyoosha kidole. "Na tai hiyohiyo! Alimkanyaga bata wangu akapiga honi, eti bata apishe!"

Mkurugenzi alinyoosha mkono. "Hebu, hiyo karatasi. Kuna kosa dogo la kiuandishi."

"Waraka uliopigwa muhuri haurudi mezani," alisema karani, akitazama dari. "Ni kanuni yako, mheshimiwa. Namba nne."

Trafiki akaeleza hali ilivyo, kwa heshima zote. Palikuwa na njia mbili. Kama Idara haikulea, Mkurugenzi alikuwa mwizi, na gari la polisi lingemfuata. Kama Idara ililea, mlezi angelipa kioo, angetoa bata mwingine, na angeeleza mbele ya wakubwa wake saruji ilikuwa inakwenda kumfundisha nani. Achague, wao hawana haraka.

Mkurugenzi alitazama maandishi ukutani kwa muda mrefu, kama aliyeyaona kwa mara ya kwanza. Kisha akachagua kuwa mlezi. Aliandika waraka wa pili, unaokiri malezi yote, kuanzia siku ya kwanza hadi ya bata, na unaoyafunga malezi hayo hapo hapo. Kwa haraka aliyokuwa nayo alisahau muhuri, ikabidi karani ampigie, na aliupiga kwa nguvu hadi karanga zikaruka.

Pikipiki ilikuwa nyuma ya jengo. Sindano alikagua mafuta, akafunga sanduku kwa mpira, akampandisha shangazi, mguu wake mbovu ukining'inia upande.

"Twende polepole," alisema shangazi.

"Ndiyo, shangazi."

"Si polepole hivyo. Vyerehani kumi na kimoja vinakungoja."

Kwa siku tatu walikwenda na kurudi, asubuhi na jioni, na Jumamosi saa kumi cherehani cha thelathini kilishona mstari ulionyooka kama rula. Mkuu wa chuo aliitikia kwa kichwa, akamwambia kuna chuo kingine cha dada yake, chenye arobaini.

Walikuwa njiani kurudi walipomkuta Mkurugenzi kwenye kilima kirefu, jua likiwa bado kali. Alikuwa anatembea. Tai ilikuwa imelegea, viatu vimejaa vumbi, na kwapani alimbana bata mkubwa mweupe aliyekuwa akimdonoa kifungo. Mama mfuga bata alikuwa ameshakataa wawili, mmoja kwa wembamba, wa pili kwa kiburi.

Mkurugenzi alipunga mkono wa pili. Sindano akasimama.

"Binti," alisema, akihema, "kwa huyo mama ni mbali. Tafadhali, nisaidieni."

Sindano alimtazama, akamhurumia. Hilo halikwepeki kwa mtu aliyelelewa vizuri. Akageuka nyuma kumtazama shangazi. Shangazi aliangalia kiti, akaangalia sanduku, akampima bata kwa macho, akampima na Mkurugenzi.

"Nafasi ni ya mmoja," alisema, akinyoosha mikono. "Lete huyo asiye na kosa."

Bata akapanda. Mkurugenzi akaendelea na kilima.