Mwombaji Asifungue Bahasha

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeliona mimi kwanza! Tangazo la ufadhili wa masomo, mwaka mzima ng'ambo, kwa wataalamu vijana wa sera za uhifadhi wa bioanuwai. Lilibandikwa kwenye ubao wa korido, chini ya ratiba ya usafi. Sharti: uwe chini ya miaka thelathini na tano. Mimi naitimiza tarehe ishirini mwezi huu. Mwisho wa maombi ni Ijumaa. Ni sasa au basi tena. Miaka sita naandika sera ya kulinda vyura wa mabwawa, na mara tisa imerudi na kalamu nyekundu. Nadhani vyura wenyewe wameshachoka wakahama.

Nikalibandua tangazo. Si wizi, ni uhifadhi. Nimelificha ndani ya jalada la popo, ambalo halijafunguliwa tangu niajiriwe.

Nikakutana na Miwani, ninayekaa naye meza moja. Akaniuliza nimeamkaje. Mbona leo? Na akatabasamu. Huyu ana jambo.

Jumanne, 4 Novemba

Nimesoma masharti yote, chooni. Mkosi! Barua ya mapendekezo iandikwe na mfanyakazi mwenzako wa kitengo na cheo kimoja, aliyekufahamu miaka mitatu. Cheo changu tuko watatu: mimi, Miwani, na binti aliyeanza Agosti. Barua itiwe kwenye bahasha, ifungwe kwa gundi, na mwandishi atie saini juu ya mfuniko. Mwombaji asifungue.

Kumwomba Miwani ni kumkabidhi fisi bucha. Lakini mwenye njaa hana miiko, nikamwomba. Akakubali pale pale, kwa moyo mkunjufu. Akasema eti jana alitaka kunionyesha tangazo hilo hilo, akakuta halipo ubaoni. Eti kunionyesha! Bila shaka naye anaomba.

Mke wangu anasema nimwache Miwani, ni mtu wa watu. Amejuaje? Nitalifuatilia na hili.

Jumatano, 5 Novemba

Insha imekamilika. Kichwa: "Bila kuaminiana hakuna sera ya hifadhi itakayosimama." Nimeiandika nikiwa nimekinga skrini kwa mkoba. Miwani alikohoa mara mbili. Anampa ishara nani?

Mchana akanikabidhi bahasha. Nyepesi mno.

Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mkuu wa kitengo alikuwa anatafuta mtu wa kwenda kuhesabu ndege kwenye bwawa la mbali, siku nne, mahali pasipo na mtandao. Nikamnong'oneza kwamba Miwani anapenda ndege kupita kiasi, ila anaona haya kujitolea. Akaliandika jina lake papo hapo. Anaondoka kesho, anarudi Jumapili. Atatuma wapi maombi yake? Awape kunguru!

Alhamisi, 6 Novemba

Miwani ameondoka asubuhi na mabuti yake. Alinishukuru, kasikia ni mimi niliyempendekeza. Kabla ya kupanda gari akaniambia kwamba kwenye ile barua ameandika yote anayoyajua kunihusu.

Yote! Mwaka juzi nilipoteza ramani ya mabwawa nikasingizia panya. Yeye anajua hakukuwa na panya.

Nilivumilia hadi saa nne. Saa nne na dakika tano nilikuwa jikoni mwa ofisi, bahasha juu ya mdomo wa birika linalochemka. Gundi ikaachia kwa adabu. Saini haikuwa na adabu. Miwani anatumia kalamu ya wino wa kujaza, na wino ule ulichuruzika ukawa kama jongoo aliyekanyagwa.

Nikasoma. Ameandika kwamba hajaona mtu makini kama mimi. Kwamba ramani ilipopotea niliichora upya kwa mkono, wikendi mbili, bila kuagizwa na mtu. Hiyo ni kweli, nilikuwa nimeshasahau. Mwishoni: angeomba nafasi hii mwenyewe, lakini umri ulimpita miaka miwili iliyopita, na ataona fahari ikienda kwangu. Neno "mwaminifu" amelipigia mstari.

Niliona aibu, nasema kweli. Nikapaka gundi, nikaibandika, nikaipepea kwa jalada la popo.

Ijumaa, 7 Novemba

Maombi yote hupokelewa na karani wa masjala, mama mtu mzima asiyependa masihara. Bila muhuri wake hakuna kinachotoka. Akaigeuza bahasha. Akaitazama saini. Akanitazama mimi. Nikamwambia ni mvua. Akatazama dirishani, jua lilikuwa linawaka hadi mabati yanalia.

Akasema, bila hata kunikaripia, kwamba hiyo haipokeleki. Lakini nisiwe na wasiwasi mwanangu, mwisho ni saa kumi, nimkimbilie tu Miwani aniandikie nyingine.

Nimempigia Miwani mara arobaini na moja. Hapatikani. Saa kumi kamili dirisha la masjala likafungwa.

Nilipomweleza mke wangu, aliuliza nani alimpeleka Miwani bwawani. Nikaenda kuosha vyombo. Mwaka mzima ng'ambo, umekwenda na maji.

Jumatatu, 10 Novemba

Miwani amerudi, pua imebabuka kwa jua. Ameniletea zawadi: sauti za vyura alizorekodi kwenye simu, kwa ajili ya sera yangu. Wamejaa tele, hawakuhama. Nilimwambia bahasha ilinyeshewa. Akasikitika kuliko mimi. Akasema upo ufadhili mwingine usio na kikomo cha umri, masharti ya barua ni yale yale, na ataniandikia tena.

Nimewaza siku nzima. Sifa zote zile za nini? Mtu hasifiwi hivyo bure. Alijua nitafungua! Ndiyo maana akasema "yote". Ndiyo maana akatia saini kwa wino unaochuruzika. Na vyura wale, nani ajuaye amewarekodi wapi?

Lakini mimi si wa kuchezewa mara mbili. Nimekubali barua mpya, na nikamshukuru sana. Kisha nikatoka nikamnunulia zawadi nami: bolpeni nzuri, ya wino usioogopa mvuke.