Kapteni Belmiro Anarudisha Dhahabu

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba mwaka 1973, wakati jeshi la Ureno likihangaishwa na wapigania uhuru huko bara, sisi wa posto ndogo ya pwani, kituo cha utawala kaskazini ya Mocímboa da Praia, tulipata ushindi kamili. Tuliteka vitabu ishirini na tatu vya katuni. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa serikali, na bila mimi Shefe wa Posto, mkuu wetu Mreno Bwana Germano, asingeweza hata kuomba maji ya kunywa.

Mhalifu alikuwa Chamima, muuza vitumbua wa gatini. Kwa miaka mingi aliwapa mabaharia vitumbua, nao wakampa matoleo ya zamani ya Kapteni Belmiro na mijusi wenye mabawa. Alikuwa na namba mbili mpaka ishirini na nne. Namba moja hakuipata, na jambo hilo lilimnyima raha.

Alasiri aliwasomea watu. Kireno hakujua, alifuata picha, na alizifuata kama alivyofundishwa chuoni kwenye Kurani: kitabu hufunguliwa kulia. Basi alianzia ukurasa wa mwisho wa namba ishirini na nne, akawa anarudi. Kapteni halisi hufika kisiwani, huua mijusi, huchukua dhahabu, akawa mfalme. Wa Chamima alijivua taji akamvika mwenyeji, akabeba dhahabu kuirudisha pangoni. Risasi zilitoka miilini mwa mijusi zikaingia bundukini, na mijusi wakaamka wazima. Watu walifurahi kupita kiasi. Hali ya usalama ilikuwa mbaya.

Tukaunda Kamati ya Mwelekeo wa Kurasa, mimi nikiwa mwenyekiti na wajumbe wote. Shefe alimuuliza Chamima nani alimfundisha kusoma hivyo. Akajibu ni marehemu mwalimu Bacar wa chuoni. Nikatafsiri: mtandao wa kigeni. Shefe akauliza lengo lake ni nini.

"Mwisho wa hadithi siujui, kaka," Chamima aliniambia. "Kama mnayo hiyo namba moja nionyesheni tu, siichukui."

Nilipotafsiri, Shefe akapauka. Namba moja alikuwa nayo yeye, tangu utotoni, na maisha yake yote alikuwa akizitafuta hizo nyingine. Alizitaifisha papo hapo kwa usalama wa dola, akazipanga kabatini mwake, akalia kidogo. Chamima naye alilia, lakini hayo hayakuwa machozi rasmi.

Ili kurekebisha fikra za wananchi, tuliitisha usomaji wa mpangilio halali, kuhudhuria lazima. Shefe alisoma, mimi nikatafsiri. Walisikiliza mpaka mwisho, kisha Dauto mvuvi akainua mkono.

"Shefe, huyu mgeni kaja na adabu zake, anaamkia watu. Mbona kila akizidi kukaa ndo anaharibika?"

Nilitafsiri kwamba wananchi wanashukuru.

Mwaka uliofuata wanajeshi huko Lisboa waliipindua serikali yao wenyewe bila kutushirikisha, vita vikaisha, na Shefe akaletewa meli. Watu walijaa gatini. Hawakufanya lolote, walikuja kutazama tu. Shefe hakutaka kuwapa mgongo, hivyo akapanda ngazi kinyumenyume huku akipunga mkono. Sanduku la katuni lilibaki chini, maana mbebaji aliyeteuliwa, yaani mimi, nilikuwa naulizia jina langu kwa karani wa abiria. Halikuwemo.

Chamima akalifungua sanduku, akaitoa namba moja. Akaifungua kulia, akafuata picha mpaka ukurasa wa kwanza.

"Anawapungia mkono," alisoma. "Anarudi nyuma mpaka melini. Meli inaondoka. Kisiwa kinabaki na wenyewe."

Watu waliiangalia picha, wakaiangalia meli, wakarudi kwenye picha.

"Alhamdulillahi," akasema Chamima, akijifuta macho. "Imeisha vizuri."

Dauto akanigeukia. "Na huyu mkalimani yuko ukurasa gani?"

Chamima alipekua sanduku zima, kwa haki kabisa, kitabu baada ya kitabu.

"Hayumo," akasema.

Niliandika malalamiko rasmi siku ileile. Bado natafuta ofisi ya kuyapeleka.