Majoho ya Kwaya na Ubingwa Wangu wa Kompyuta

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kwaya nzima, na wa kulaumiwa ni mimi peke yangu.

Kesho tunaimba Lilongwe, kanisani Area 47. Ni mara ya kwanza kualikwa tangu tufike kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi. Wenyeji wakatoa kitambaa cha bluu, wakasema fundi wao wa mtaa wa Mchesi atashona majoho, sisi tupeleke vipimo tu. Mama Furaha, kiongozi wetu, alilia kwa furaha. Amechoka kusimamisha kwaya yenye nguo za mtumba zisizofanana.

Vipimo tulichukua wenyewe, kwa santimita, kama kwetu Uvira, Kongo. Fundi anatumia inchi. Mtu mwenye akili angechukua kalamu akagawa kila namba kwa 2.54, yakaisha. Mimi, sekreteri wa kwaya, nikasema, "Muniachie. Mi niko na kompyuta!" (Ni ya ofisi ninayofagia. Bosi huniruhusu kuigusa jioni.)

Nikaingiza vipimo vyote kwenye jedwali. Pembeni nikaandika 2.54, nikainakili, nikachagua vipimo vyote, nikafungua ile menyu ya kubandika kwa namna ya pekee. Humo hubandiki tu. Unaweza kuiamuru mashine ijumlishe, izidishe au igawanye kila namba kwa mpigo mmoja. Raha iliyoje! Nikachagua kugawanya, nikabonyeza. Skrini ikaganda. Nikaona haijanisikia, nikaiamuru tena.

Kumbe ilinisikia mara zote mbili.

Mtaniuliza, hukuona? Niliona. Upana wa joho la Mama Furaha ulikuwa 160, sasa ni karibu 25. Lakini inchi mimi ningezijulia wapi? Namba zimepungua, nikaridhika, nikachapa karatasi, nikaipeleka Mchesi.

Leo asubuhi nimefuata furushi. Fundi akaniuliza kama watoto hawatasikia baridi. Nikamjibu watoto wetu wote wazima, zikomo, yaani asante. (Nilidhani swali lake ni salamu.)

Mchana kwaya yote ikakusanyika kanisani kwetu kambini. Mama Furaha akafungua furushi, akainua joho la kwanza. Akainua la pili. Bukuru, mwimbaji wetu wa besi, akajiwekea lake kifuani. Likaishia kitovuni.

"We sekreteri," Mama Furaha akaniita polepole. "Ile kompyuta yako iliona bantu ao iliona batoto?"

"Mama, iligawa mara mbili."

"Iligawa! Na sisi kesho tutavaa nini?"

Alianza kulikunja joho lake taratibu, na hapo ndipo nilipoumia kweli. Afadhali angenipiga.

Wakati huo mjukuu wake, wa miaka minne hivi, akachukua moja akajivika mwenyewe. Likamkaa sawasawa! Akazunguka mara moja, akaanza kuimba wimbo wetu wa kesho, maneno yote. Bukuru akaangua kicheko, kanisa zima likafuata. Mimi sikucheka. Sikuwa na haki hiyo.

"Njo vile," akasema Mama Furaha akipangusa macho. "Kesho batoto bataimba mbele, sisi nyuma yabo na mitumba yetu."

Nikapumua. Nikamwambia ni wazo zuri sana.

"Na we utasimama mbele na batoto," akaongeza. "Utavaa yako."

Langu halipiti mabegani. Nitalifunga shingoni kama mtoto anayelishwa uji. Mtakaokuja Area 47 kesho, tafadhali tusikilizeni mkiwa mmefumba macho.